Kapu Alilolitua Mgeni

Ukifika Kyandole, kando ya barabara ya Lubudi, ukauliza ardhi ya pale ilipotea vipi, hawatakuanzia na serikali ya ugenini iliyokuja kulima soya, wala na mabwana wa shirikisho waliokuja na kofia na mihuri. Watakuanzia na mwanamke mmoja aliyebeba kapu la karanga kichwani. Watamtaja kwa jina, wataguna, na aliye karibu na mlango atatema mate nje. Jina lenyewe ni Mama Adolphine, na habari zake ndizo hizi. Kama kuna anayedhani yeye angefanya vingine, na akae asikilize kwanza.

Adolphine hakuzaliwa Kyandole. Alizaliwa kaskazini, upande wa Kabongo, katika nyumba ya Wakatoliki yenye watoto tisa na majembe matatu. Aliletwa Kolwezi akiwa bibi harusi wa Ngoy, dereva wa lori kubwa la mgodini, lile ambalo gurudumu lake peke yake linamzidi mtu kimo. Enzi hizo Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilikuwa baba na mama. Nyumba ilitoka kwake, hospitali kwake, shule ya watoto kwake, na kila mwezi mposho: gunia la unga, mafuta, samaki wa chumvi. Mke wa mfanyakazi kazi yake ilikuwa kupanga foleni ya mposho na kusengenya waliotangulia mbele. Kulima kulikuwa kwa watu wa kijijini, na Adolphine, aliyekulia shambani, alijifanya amesahau hata jembe linavyoshikwa.

Kisha mambo yakaenda mrama. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka wa tisini, shaba ikapungua, na mposho ukawa mgeni asiye na siku. Njaa ilipoingia kambini, wanasiasa wakatafuta wa kumtwika lawama, wakampata jirani. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa warudi kwao, kwao ambako wengi wao walikuwa hawajawahi kukuona. Mmoja wao alikuwa Mama Tshilombo wa nyumba ya pili, aliyemfundisha Adolphine kukamua mafuta ya karanga kwa mikono: kukaanga kidogo, kutwanga, kisha kukanda na maji ya moto mpaka donge litoe jasho la mafuta. Siku walipokuja kumtoa kumpeleka stesheni, Tshilombo aliliita jina la Adolphine mara mbili pale barabarani. Adolphine alikuwa nyuma ya pazia la mlango, ameuma pindo la kitenge chake, na hakutoka. Aliogopa. Ngoy bado alikuwa na kazi, na watoto walikuwa bado shuleni. Alijiambia kwamba kesho yake angempelekea uji stesheni, na kesho yake gari moshi lilikuwa limeshaondoka.

Kazi ya Ngoy nayo haikudumu. Miaka kumi baadaye aliachishwa pamoja na maelfu ya wenzake, magoti yamekwisha, kifua kinapiga filimbi. Watoto walikuwa wameshatawanyika, mmoja Dilolo, wengine hawajulikani walipo. Basi mke na mume wakafunga virago, wakapanda lori la mkaa hadi Kyandole, wakapiga magoti mbele ya mfumu Mwamba, chifu wa pale, kuomba mahali pa kulima.

Mfumu akawapa kipande kizuri kuliko walivyotarajia, palepale kwenye kivuko cha mto, udongo mwekundu usioshikamana mvua ikinyesha. Sharti lilikuwa lile ambalo kila Muluba, mtu wa kabila la pale, analijua. Kila mwaka, kapu la kwanza la mavuno ni la mwenye ardhi. Wanaliita mulambu, na kapu hilo lina desturi zake. Karanga zinang'olewa na majani yake wala hazioshwi udongo. Linabebwa na mwanamke aliyekoma kuzaa. Akifika hainami wala halitui; anasimama nalo kichwani mpaka mwenye ardhi atoke, alitue kwa mikono yake miwili, apasue karanga moja na kuila mbichi, kisha amtie yule mwanamke udongo kidogo kiganjani. Hapo hakuna karatasi wala muhuri, lakini yote yamesemwa: udongo ni wangu, chakula ni chako. Adolphine alilipeleka kapu hilo kwa mfumu miaka saba mfululizo, na kila mwaka alirudi na udongo wake kiganjani akiwa na furaha ya mtu aliyepewa nyumba upya.

Na jembe, kumbe, mkono haukuwa umelisahau. Karanga za Adolphine zikapata jina. Zilikuwa ndogo, nyekundu, zimejaa mafuta. Alikuwa akizitikisa sikioni kujua kama zimekauka, kisha anaing'ata moja, na ikikataa kupasuka mara mbili sawasawa anaurudisha mzigo wote juani. Wakamuaji wa Kolwezi walikuwa wakipita mashamba mengine kuja kwake. Wanawake wa Kyandole wakaanza kumwomba mbegu, naye hakuwa mchoyo. Pamoja naye, waliofuata mkono wake wakafika sitini na wawili, mashamba yao yamepangana kando ya mto. Wa karibu zaidi alikuwa Joyeuse, mwanamke wa umri wa binti yake, mwenye watoto wanne na mume aliyekwenda kuchimba kobalti na kusahau njia ya kurudi. Walipalilia pamoja, walikula chungu kimoja, na Joyeuse akiumwa alikuwa anamwita Adolphine kabla hajamwita mama yake mzazi.

Sasa ingia Fede. Jina lake kamili lilikuwa refu kama gari moshi, Shirikisho la Wazalishaji na Wakamuaji wa Mbegu za Mafuta, na lilizaliwa katika ukumbi wa hoteli mjini Kolwezi. Walioketi kuliunda walikuwa wenye mashine za kukamulia, wenye malori na wenye maduka. Mkulima hakuwepo hata mmoja, maana siku hiyo wakulima walikuwa wakilima. Lakini shirikisho la wazalishaji bila wazalishaji lingechekwa, kwa hiyo rais wake, Tata Polycarpe, akaja Kyandole na sanduku la kadi. Polycarpe alikuwa mtoto wa palepale, mama yake ni wa ukoo wa mfumu. Alikuwa amekwenda mjini na viatu vya kuazima, akarudi na miwani na tumbo. Kila mwanamke akapewa kadi yenye picha yake, na kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa picha ya kwanza ya maisha yao. Waliifurahia. Adolphine aliining'iniza yake ukutani karibu na Bikira Maria.

Mwaka uliofuata Fede ikamleta mgeni. Hakuwa tajiri wala mfanyabiashara, alikuwa serikali. Nchi moja ya mbali ilikuwa na watu wengi na mafuta ya kula machache, ikaunda kampuni yake yenyewe, ikaituma duniani kutafuta mahali pa kupanda soya. Tafakari ubaya wa jambo hilo. Mtu akikudhulumu, utamkuta njiani, utamtukania mama, ataona haya mbele ya watoto wake. Serikali ya ugenini mama yake ni nani? Aliyeletwa kuisimamia, ambaye watu walimwita Direktere, alikuwa mtu mpole, mwembamba, anayepiga chafya kwa vumbi, na kila alipoulizwa jambo alijibu kwamba ataandika kwao. Alikuwa na barua ya Kinshasa ya kulima nyika ya ng'ambo ya mto, isiyo na mtu. Lakini nyika ile haikuwa na maji, na maji yalikuwa upande wa wanawake.

Hapo ndipo Fede ilipojipatia kazi. Wenye mashine walitaka soya ya kukamua, wenye malori walitaka mizigo, na wote waliahidiwa kinu kikubwa kitakachojengwa Kolwezi. Kizuizi kilikuwa kimoja. Serikali ile ya mbali ilikuwa imejiwekea sheria kwamba fedha zake zisichukue shamba la mtu kwa nguvu. Lazima wenyeji wamtambue mgeni wenyewe, kwa mila zao, na ushahidi utumwe kwao. Sheria nzuri kabisa. Aliyeitunga bila shaka alilala vizuri. Hakujua kwamba mila nayo ina madalali.

Polycarpe alikuja nyumbani kwa Adolphine asubuhi moja ya mwezi wa pili, karanga mpya zikiwa tayari kung'olewa. Mfumu Mwamba hakuwepo. Kampuni ilikuwa imempeleka Lubumbashi kutibiwa macho. Polycarpe alikaa kwenye kiti cha Ngoy, akanywa maji, akasifu kuku, kisha akasema:

"Mama Adolphine, Direktere ni mugeni wetu. Kwetu mugeni anapokelewaka namna gani? Ba-mama bamupelekee kapu moja ya kalanga mupya, mu jina ya ba-membres yote. Na weye njo unayua mambo ya heshima, weye njo utabeba."

"Kapu ya kwanza ni mulambu, Tata Polycarpe. Ile ni ya mfumu."

"Nani amesema mulambu? Mulambu itamungojea mfumu, akirudia utamupelekea sawa siku zote. Hii ni cadeau tu. Kwenu kule Kabongo, jirani mupya hamumupelekeaka chakula?"

Hapo alimpata. Maana ni kweli, kwao Kabongo jirani mpya hupelekewa kapu la chakula kipya, tena lililo zuri. Tofauti ni moja tu: kapu la jirani, mbebaji analitua mwenyewe mlangoni, kisha anaondoka. Adolphine akaona hakuna kosa. Atalibeba, atainama, atalitua kwa mkono wake, na kila mtu mwenye macho ataona ni zawadi wala si kodi. Kuhusu mfumu, kapu lake litangoja arudi. Ngoy, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitandani, alikohoa akasema kwamba hapendi. Adolphine akamwambia yeye hapendi kitu chochote tangu aache kuendesha lori.

Walilijaza kapu yeye na Joyeuse. Nusu ya chini ilitoka shambani kwa Joyeuse, nusu ya juu shambani kwake, maana karanga za Joyeuse mwaka huo zilikuwa na mapengo na Adolphine alitaka zionekane zile zilizojaa. Hakuna mwingine aliyetia hata punje. Wengine walikuja na nyimbo.

Kambi ya kampuni ilikuwa makontena sita na bendera mbili, moja ya nchi ile, moja ya Fede. Katibu wa Fede alikuwa amesimama tayari na kamera. Adolphine alifika mbele ya wanawake, kapu kichwani, shingo imenyooka, na kwa kweli alijisikia vizuri. Nani asiyependa kuongoza msafara? Alitafuta mlango, akaona hatua tatu mbele yake mahali pa kuinamia. Akainua mikono. Kabla magoti hayajakunjwa, Direktere akatoka mbio kwenye kontena lake, akalishika kapu kwa mikono yake miwili, akalitua.

Akachukua karanga moja, akaipasua, akaila mbichi na udongo wake, uso umekunjamana. Kisha akachota udongo uliobaki kwenye mizizi, akautia kiganjani mwa Adolphine, akaufumba mkono wake kwa vidole vyake vyembamba. Kamera ikalia. Polycarpe ndiye aliyeanza kupiga makofi, na vigelegele vikafuata, maana wanawake wakisikia makofi hawaulizi sababu.

Adolphine alishtuka. Alijiuliza, huyu kafundishwa na nani? Lakini mshtuko ule ulikuwa mdogo na aibu ya kumnyang'anya mgeni kapu mbele ya watu ilikuwa kubwa. Njiani alicheka. "Alikula na udongo, mama yangu!" akamwambia Joyeuse. "Mi nilitaka kuinama, yee akaniwahi." Joyeuse akacheka mpaka akakaa chini.

Kiangazi kilipoingia, hakuna aliyecheka. Tingatinga mbili zilivuka mto na kusimama mwanzoni mwa mashamba. Polycarpe akaja na picha imekuzwa, imewekwa fremu, na karatasi yenye mihuri mitatu. Karatasi ilisema kwamba wazalishaji wa Kyandole, wanachama sitini na wawili wa Fede, wamemtambua mgeni kuwa mwenye ardhi kwa mila yao wenyewe, na kwamba kapu la kwanza la mwaka limepokewa na kampuni. La kwanza, maana la mfumu lilikuwa bado linangoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alichukua jembe na shamba.

Wanawake walimjia juu Adolphine uani kwake. Wengine walilia, wengine walimtukana, na mmoja aliuliza alilipwa nini. Adolphine alikuwa akijilaumu zaidi ya wote wakichanganywa pamoja. Alikuwa amebeba kapu lile miaka saba, alijua kila hatua yake, na bado alisimama pale kama gogo akaacha mtu alitue. Kwa siku nne hakula chakula kikashuka. Siku ya tano alipata wazo, na wazo lenyewe lilimtisha, kwa sababu lilikuwa zuri.

Siku ya baraza la mfumu la kuamua habari ya ardhi, alfajiri, alikwenda kwa Joyeuse, akamkuta anawasha moto.

"Nitasema kapu ilikuwa yangu, mi moja," alisema. "Kalanga yote ilitoka mu shamba langu. Kama ni vile, shamba langu njo litaenda, ya benzangu itabakia."

Joyeuse akaacha kupuliza moto. "Mama, mi pia nilitiaka. Nusu ilikuwa yangu. Siwezi kukuacha moja."

"Utanyamaza. Uko na batoto bane. Mi na Ngoy tuko bazee, hatuna cha kungojea."

"Nitasimama, mama. Mungu ananiona, nitasimama."

"Utanyamaza!" Adolphine alisema kwa ukali, na Joyeuse akalia, akamkumbatia miguu.

Mfumu Mwamba alikuwa amerudi na macho mapya, na baraza lake lilikuwa na paa jipya la mabati. Hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Polycarpe alikaa kulia kwake na ile picha magotini, Direktere kushoto, akipiga chafya. Wanawake walijaa chini na nje.

"Mama Adolphine," mfumu alisema, "ile kapu nani alibeba?"

"Ni mi, mfumu."

"Nani alishusha?"

"Ni yee."

"Ulimukataza?"

"Mfumu, mugeni akikusaidia muzigo, unamukataza namna gani?"

Watu walicheka, hata mfumu alitabasamu, lakini kicheko hakirudishi shamba. Adolphine alipiga magoti, akasema lile alilokuja nalo. Kapu lilikuwa lake. Karanga zilikuwa zake. Wenzake walikuja kuimba tu, na mtu hawezi kutoa ardhi kwa kuimba.

"Mais non!" Polycarpe aliruka. "Ilikuwa mu jina ya Fede yote!"

"Fede iko na shamba wapi?" Adolphine alimuuliza. "Unionyeshe kalanga ya Fede."

Mfumu aliinua mkono. Alikuwa mzee mjanja, na aliona mlango umefunguliwa mbele yake. Kuwafukuza wanawake sitini na wawili ni vita. Kumfukuza mmoja, tena mgeni wa kutoka kaskazini, ni hukumu tu. Na shamba lile moja ndilo lenye kivuko, nayo kampuni ilichotaka hasa ni maji. Akatazama umati.

"Kama kuko muntu mwingine mwenye kalanga yake ilikuwa mu ile kapu, asimame."

Hakuna aliyesimama.

Aliuliza mara ya pili. Adolphine alikuwa amepiga magoti, mgongo kwa wenzake, lakini alijua Joyeuse amekaa wapi. Alikuwa amesikia kikohozi cha mtoto wake mdogo. Alikuwa amemwambia anyamaze. Alikuwa amemwamuru. Na sasa, Mungu amsamehe, aliomba kwa nguvu zake zote Joyeuse asimtii. Asimame hata mara moja, aseme hata neno moja, kisha mfumu amkalishe. Angetosheka. Mara ya tatu mfumu alipouliza, Adolphine alisikia mtu akisogea nyuma yake, moyo ukamruka, lakini alikuwa mwanamke mmoja anahama jua. Hapo ndipo alipomkumbuka Tshilombo pale barabarani, akaelewa jinsi sauti ya watu wanaonyamaza inavyosikika kwa mtu aliye mbele ya pazia. Alilia, na watu wakadhani analilia shamba.

Hukumu ilikuwa fupi. Shamba la kivuko litakwenda kwa kampuni. Na kwa kuwa aliyeubadilishia udongo mmiliki hawezi kuendelea kuishi juu yake, Adolphine na mumewe watoke Kyandole kabla ya mwisho wa wiki. Walitoka siku ya Alhamisi na lori la Iddy, msafirishaji aliyekuwa akibeba karanga zake kila mwaka. Wanawake kumi na wawili walikuja kuaga. Joyeuse hakuja. Alituma mtoto na boga.

Kolwezi walipanga chumba kimoja na ua katika mtaa wa Manika. Kuhusu Joyeuse, Ngoy alimwambia mara moja tu: "Ungemuacha aseme." Hakurudia tena, na kabla ya mvua za mwaka ule kwisha kifua chake kilikuwa kimenyamaza. Alizikwa na wazee watatu wa mgodini waliokuja na kofia zao za zamani za kazi. Adolphine akabaki peke yake na kazi aliyofundishwa na Tshilombo. Alinunua karanga sokoni, akakaanga, akatwanga, akakanda, akauza mafuta kwa chupa. Mashudu yaliyobaki aliyafanya vibonge akawauzia watoto wa shule. Alikuwa mkali. Mnunuzi akisema mafuta yana maji, anamwagiwa maneno ambayo hata padri wa Manika aliyasikia.

Kuhusu Kyandole, habari zilikuja kwa vipande na malori. Kampuni ilichimba mfereji kwenye kivuko, na waliobaki wakakosa njia ya kufika majini. Mwaka wa kwanza walilima kwa kuvizia mvua. Mwaka wa pili Fede iliwaambia kwamba mwenye kadi lazima apande soya, na asiyepanda soya arudishe kadi. Waliorudisha kadi wakaambiwa si wazalishaji tena, na mashamba ni ya wazalishaji. Waliobaki, soya yao ilikataliwa kwa sababu ni chafu. Mmoja mmoja wakatolewa, bila baraza, bila picha, bila hata mtu wa kuuliza swali mara tatu. Kisha mvua ikasusa msimu mzima, kule ng'ambo serikali ikabadilika, waziri mpya akasema anataka kulima bara lingine, na Direktere akaitwa nyumbani. Aliondoka na masanduku mawili. Kinu kikubwa hakikujengwa. Mfereji ukajaa matete, na mlinzi mmoja mwenye bunduki akaachwa alinde nyika. Polycarpe akaanzisha shirikisho la mahindi.

Joyeuse alifika Manika mchana mmoja wa mwezi wa tisa, joto likiwa limekaa juu ya mabati, akiwa na furushi kichwani na wawili tu kati ya wale watoto wanne nyuma yake. Alikuwa amekonda, na ngozi ya shingo imelegea. Alisimama mlangoni.

"Karibu," Adolphine alisema. Alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo miaka mitatu. Alikuwa na maneno, mengi, amekwisha kuyapanga. Lakini aliwaona watoto wakitazama chungu, akaondoka kwenda kupakua bukari, ugali wa kule, yale maneno yakabaki yalipokuwa. Alijiambia kwamba Joyeuse atayaanza mwenyewe. Hata kama ni moja tu. Hata kama ni jioni, watoto wakilala.

Siku tatu zilipita. Joyeuse alichota maji, alifagia ua, alitwanga karanga kwa mkono wake uleule wa zamani, mwepesi. Alisema habari za kila mtu wa Kyandole, nani kafa, nani kaenda Mutshatsha kuchoma mkaa. Lile jambo hakuligusa.

Siku ya nne alikuja Hawa, mama wa duka la pembeni, kununua chupa mbili. Akamkuta Joyeuse anapepeta, akamuuliza katoka wapi, na kwao kulitokea nini hata ameingia mjini na furushi. Adolphine alikuwa hatua nne kutoka hapo, mikono ndani ya donge la moto.

"Kwetu tulifukuzwa, mama," Joyeuse alisema. "Ni juu ya kapu. Muntu moja alipelekea bageni kapu ya mulambu, njo bakakamata udongo wetu yote."

"Na nyiye mulimuacha tu?"

"Shi tulikuwa tunayua nini? Mi niliimbaka tu. Mu ile kapu sikutiaka hata kalanga moja."

Alisema hivyo bila kushusha sauti na bila kugeuka kuangalia kama anasikiwa. Adolphine aliinua macho, akatafuta usoni mwake ile aibu aliyoitunzia nafasi miaka yote mitatu. Haikuwepo. Ulikuwa uso wa mtu anayesema jambo analoliamini. Kumbe alikuwa amenyamaza hadi akasahau alinyamazia nini. Ngoy alikuwa kaburini. Mtu wa mwisho duniani aliyejua kwamba Adolphine hakuwa peke yake ndani ya lile kapu alikuwa amekaa pale na ungo mapajani, na alikuwa hajui tena.

Hawa akamgeukia. "Mama Adolphine, si weye pia ulitokaka kule? Ni kweli ile anasema?"

Donge lilikuwa la moto sana, na alilibana kwa nguvu mpaka mafuta yakamchirizika kwenye viwiko.

"Ni kweli," alisema. "Yee aliimbaka tu."